Kupandisha Bei Hakuponyi Kadi

Jumamosi nimelisikia tena. Tulikuwa sita barazani kwangu, hapa Nyawera, Bukavu, kadi za toleo la tisa la mchezo ninaoubuni zimetandazwa mkekani, na kijana mmoja anayesoma hesabu akainua Boti ya Usiku juu, akaniambia: "Yaya, hii karte ina nguvu sana. Pandisha tu bei yake, itakuwa sawa." Bei hapa si fedha, ni mafuta ya mchezo unayolipa ili kuishusha kadi uwanjani. Nimeshaambiwa hivyo na wanafunzi, na mwalimu, na mteja mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi zake huku kadi zangu zikitoka kwenye mashine. Yule hakuwa amecheza hata mara moja. Alisoma kadi tatu, akaniuliza kwa nini nisipandishe bei.

Nimechoka kulijibu kwa vipandevipande. Leo naliandika lote.

Tuanze na Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa Marekani, toleo lake la kwanza kabisa, mwaka 1993. Richard Garfield, aliyeubuni, aliweka humo kadi tano, moja kwa kila rangi, kila moja bei yake mana 1 (mana ndiyo mafuta ya mchezo huo), na kila moja inatoa kitu kwa hesabu ya tatu. Lightning Bolt inaumiza kwa 3. Giant Growth inamwongezea kiumbe nguvu 3 na uhai 3 mpaka zamu iishe. Dark Ritual inatoa mana 3 nyeusi. Healing Salve inakurudishia uhai 3, au inazuia madhara 3. Ancestral Recall inakuvutisha kadi 3. Bei moja, tatu kwa kila mmoja. Ukiziangalia kwenye karatasi utasema ni ndugu waliogawiwa urithi sawasawa.

Sasa jaribuni kuzicheza. Healing Salve hakuna anayeiweka kwenye deki, yaani rundo la kadi anazochezea, kwa hiari yake. Lightning Bolt inachezwa hadi leo, miaka zaidi ya 30. Ancestral Recall imo katika zile kadi tisa zinazoogopwa kuliko zote, na katika Vintage, mmoja wa mitindo rasmi ya mashindano, unaruhusiwa nakala 1 tu. Namba zilikuwa sawa. Vitu vyenyewe havipimwi kwa mizani moja. Uhai 3 unachelewesha kufa. Kadi 3 zinakupa mambo matatu mapya ya kufanya, na mojawapo yaweza kukuvutisha kadi nyingine tena.

Nikifika hapa, mtu wa "pandisha bei" hufurahi. Anasema: ndiyo hivyo, kosa lilikuwa mana 1, wangeandika mana 8.

Waliandika 8. Mwaka 2014 ilitoka Treasure Cruise, bei yake mana 8, kazi yake kuvuta kadi 3. Ila ilikuwa na kanuni ya delve: kila kadi unayoiondoa kabisa kutoka kaburini kwako, yaani kwenye rundo la kadi zako zilizokwisha kutumika au kufa, inalipa mana 1 ya bei hiyo. Kaburi linajaa lenyewe ukicheza kawaida. Ukiwa na kadi saba humo, unalipa mana 1 ya bluu na kuvuta kadi 3. Ni Ancestral Recall ileile, imevaa kitambulisho cha mana 8. Januari 2015 ilikuwa imeshapigwa marufuku katika Modern na Legacy, mitindo mingine ya mashindano, na katika Vintage ikabanwa kwenye nakala 1.

Bei iliyochapishwa si lazima iwe bei inayolipwa. Kabla hujaigusa ile namba, jiulize mambo mawili: kuna njia ngapi za kuishusha kadi hii bila kuilipia, na kuna kadi gani nyingine zinazoisoma namba hiyo kwa shughuli yao? Emrakul, the Aeons Torn, bei yake ni mana 15. Wanaoicheza kwa Show and Tell, kadi inayokuruhusu kuweka uwanjani kadi ya mkononi bila kuilipia, wanalipa 3.

Nije kwenye Boti yangu. Katika mchezo wetu kila mtu ana deki ya kadi 40, nakala zisizozidi 3 za kadi moja, anaanza na kadi 5, anavuta 1 kila zamu. Mafuta yanaanza 1 na kuongezeka 1 kila zamu. Unashambulia bandari ya mwenzako mpaka imalizike. Boti ya Usiku ilikuwa bei 6, nguvu 5, uhai 5, na ina kanuni ya Deni. Katika toleo la tisa, Deni lilisomeka hivi: unaweza kuishusha kadi hii bila kulipa, weka juu yake kete za deni sawa na bei yake, kila zamu yako ikianza, lipa mafuta 1 utoe kete 1, usipolipa, kadi inakwenda kaburini.

Wazo lilitoka Ziwa Kivu, kwenye boti za kuvulia sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, zinazofungwa tatutatu na kutoka jioni na taa zao. Mtu anaingia ziwani kabla hajalipa mafuta ya taa, na samaki wa asubuhi ndio wanalipa. Nililipenda sana hilo, na bado nalipenda.

Halafu kuna Fundi Chuma, bei 2: peleka kaburini kadi yako moja iliyo uwanjani, upate mafuta sawa na bei yake.

Kijana wa hesabu aliliona kwenye zamu ya pili. Alilipa mafuta yake yote 2, akamweka Fundi. Akashusha Boti kwa deni, akahesabu mbegu 6 za maharagwe (ndizo kete zetu), akazipanga juu ya kadi mbili kwa tatu, kwa utaratibu kabisa. Kisha akamgeuza Fundi, akaitelezesha Boti kaburini, na zile mbegu akazikusanya kwa kiganja na kuzirudisha kikombeni. Deni limekufa na boti. Mkononi ana mafuta 6, zamu ya pili, mwenzake ana 2. Akashusha kadi ya bei 6 kwa fedha halali.

Hapo ndipo aliponiambia nipandishe bei. Nikamwambia sawa, twende. Nikachukua kalamu, nikakata 6, nikaandika 8. Wakacheza tena. Akaweka Fundi, akashusha Boti kwa deni, akapanga mbegu 8, akaipeleka kaburini, akazirudisha mbegu kikombeni. Akapata mafuta 8.

Alikaa kimya akiiangalia ile 8. Ningeandika 10, angepata 10.

Atakayesema ni bahati, hesabu yake hii. Ukiwa na Boti 3 na Fundi 3 katika kadi 40, uwezekano wa kuwa na vyote viwili ndani ya kadi 7 za kwanza ni kama 18%. Ukiongeza aina nyingine mbili za kadi ghali za Deni, nakala 3 kila moja, unafika 37%. Zaidi ya mchezo mmoja kati ya mitatu unaamuliwa zamu ya pili.

Sisemi bei haina kazi. Mahali ambapo mafuta yanaongezeka kwa 1 kila zamu, bei ni kalenda: inasema kadi itaonekana lini. Ndiyo maana kutoka 1 hadi 2 ni kitu kikubwa, maana umeiondoa zamu ya kwanza na umefanya iwe vigumu kushusha mbili pamoja; na kutoka 7 hadi 8 mara nyingi si kitu, kwa sababu kadi zinazofika huko zinasubiriwa na mtu ambaye tayari anashinda au tayari anashindwa. Wanaoniambia "ongeza moja" huwa hawasemi moja ipi.

Na ugonjwa huo una ndugu yake: "punguza uhai." Skullclamp ya mwaka 2004 ni kifaa cha mana 1, kukivalisha mana 1, kiumbe anayekivaa anaongezewa nguvu 1 na kupunguziwa uhai 1, na akifa unavuta kadi 2. Mtu akiisoma haraka anaona ile "punguza uhai 1" kama adhabu. Lakini mvalishe kiumbe mwenye uhai 1: anakufa papo hapo, na wewe unavuta kadi 2 kwa mana 1. Adhabu ndiyo iliyokuwa mashine. Ilipigwa marufuku katika mtindo wa Standard Juni mwaka huohuo.

Kwa hiyo kosa la Deni liko wapi? Wengi barazani walisema ni Fundi, atolewe. Ni jibu la heshima, na vitabu vya ubunifu vingewaunga mkono: kadi 1 dhidi ya kadi 14 zenye Deni, gusa ile moja. Nilikataa. Fundi akiondoka, kesho nitabuni kadi nyingine inayoua kadi za mwenyewe, au ya kumrudisha mvuvi mkononi, na mbegu zitarudi kikombeni vilevile. Kila kadi mpya ningelazimika kuiuliza: je, unaua deni? Kanuni inayokulazimisha kuzilinda kadi zote zijazo ni kanuni mbovu.

Aliyenitoa hapo hajawahi kucheza. Jirani yetu alikuwa amekaa kwenye ngazi akichambua majani ya sombe (kisamvu), anatusikiliza tukibishana tangu saa nane. Akauliza bila kuinua kichwa: "Ninyi, mtu akikopa unga dukani, ugali ukiisha kuliwa, deni nalo limeliwa?"

Nikamwambia, "Hapana, mama."

"Basi hiyo yenu si deni."

Kweli kabisa. Tangu toleo la kwanza niliweka mbegu juu ya kadi kwa sababu ni rahisi kuziona. Deni ni la mtu, halikuwa la boti hata siku moja. Sasa mbegu zinakaa kwenye bandari yako, na boti ikifa zinabaki, na usipolipa bandari yenyewe inaumia 2. Tulirudia mchezo wa Fundi: unapata mafuta 6 zamu ya pili, lakini unaburuza mbegu 6 kwa zamu sita zinazofuata. Ni mkopo wa kweli, na mtu anaweza kuuchukua kwa akili au kwa upumbavu.

Lakini bado kuna shimo, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Deni linalolipwa zamu ijayo lina thamani sifuri katika zamu unayoshinda. Magic walilipitia hilo mwaka 2007 na kadi za Pact. Pact of Negation unaishusha kwa mana 0. Zamu yako ijayo ikianza unalipa mana 5, usipolipa umeshindwa mchezo mzima. Hakuna adhabu kali kuliko hiyo. Na deki zinazomaliza mchezo zamu ileile hazijawahi kuiogopa, kwa sababu kwao hakuna zamu ijayo. Kuna waliokwenda mbali zaidi: kwa kutumia Hive Mind, ambayo inafanya kila mchezaji anakili uchawi ulioshushwa, walimlazimisha adui achukue Pact asiyoweza kuilipa, akafa kwa deni ambalo hakuliomba. Ukali wa adhabu haukusaidia kitu. Uliongeza silaha.

Nilijaribu riba. Haikugusa zamu ya mwisho, ikawaonea tu wachezaji wa polepole. Nilijaribu kuweka kikomo cha mbegu. Watu wakapanga kushinda wakiwa mbegu moja chini ya kikomo. Sasa nimeandika hivi: ukiwa na mbegu hata moja, kadi ulizoshusha kwa deni haziwezi kushambulia bandari, zinaweza kupigana na kadi nyingine tu. Deni linakununulia muda, halikununulii ushindi.

Je, inafanya kazi? Kwa shimo la zamu ya mwisho, nadhani ndiyo. Kwa mchezo, sijui. Michezo iliyokuwa ikiisha kwa dakika 25 sasa inafika 40, na nimeona watu wakikaa nyuma ya boti zao za mkopo wakisubiri, nyuso zimepoa. Yule kijana amecheza kwa Deni jipya mara 20, ameshinda 13, ananiambia bado lina nguvu. Mdogo wangu, wewe ndiye wa hesabu: sarafu ya haki kabisa, ukiirusha mara 20, inaleta 13 au zaidi kama mara 13 katika kila 100. Ushindi wako 13 hauniambii kitu, na kama ungeshinda 7 usingeniambia kitu pia. Michezo 100 yenyewe inaacha nafasi ya kama asilimia 10 juu na chini. Sisi tuna Jumamosi, mvua ikiruhusu, na watu sita. Namba nyingi ninazoziweka kwenye kadi naziweka kwa kuangalia sura za watu wanapopoteza, na sijapata njia bora zaidi kwa watu wachache hivi.

Nimefikiria pia kurudisha lile Deni la zamani, bovu, kwenye kadi moja tu, kwa sababu sijawahi kusikia kelele za furaha barazani kama siku ile mbegu 8 ziliporudi kikombeni. Sijaamua.

Toleo la kumi linachapishwa Ijumaa, kwenye karatasi ngumu, kadi tisa kwa kila ukurasa. Fundi Chuma yumo, bei 2. Maandishi ya Deni yamebadilika kwenye kadi zote 14. Boti ya Usiku nimeirudisha kwenye 6.