Foki ni nini? Emuleta iliyozimwa inavyochipuka tena

Kijana mmoja alisimama kwenye kaunta yangu ya simu, Mwembe Tayari, akanionyesha kioo cha simu yake. "Ami, hii si ile emuleta iliyoshtakiwa ikafungwa? Mbona imerudi na jina jingine?" Wateja walikuwa wengi, nikamjibu kwa maneno mawili matatu, na jibu lile halikuniridhisha. Alichokuwa akikiulizia kinaitwa foki, na hakielezeki kwa haraka.

Emuleta kwanza. Ni programu inayoiwezesha kompyuta au simu kufanya kazi kama konsoli ya gemu. Vijana wengi hapa Mombasa wameitumia bila kulijua jina lake: PPSSPP, ambayo kwayo wanacheza mpira wa PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, kwenye simu ya Android, ni emuleta. Ndani yake hamna gemu. Kazi yake ni ya mkalimani: inasoma maagizo yaliyoandikiwa chipu ya PSP na kuyageuza papo hapo yawe maagizo ambayo chipu ya simu inayaelewa.

PPSSPP ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadilisha. Ruhusa hiyo ikishatolewa kwa toleo fulani, mwandishi akichoka au akitishwa, wewe uliyeipokea bado unayo. Kufoki basi ni kuuchukua msimbo wa wenzako kwa ruhusa hiyo, ukauendeleza kivyako na kwa jina lako. Anayepanda migomba ataelewa upesi. Mnazi ukikatwa kilele, umekufa. Mgomba ukikatwa, ubavuni mwake tayari pana chipukizi. Programu ambayo msimbo wake umefungiwa ndani ya kampuni ni mnazi. Programu huria ni mgomba.

Mfano unaojulikana zaidi ni Yuzu, emuleta ya Switch, konsoli ya kampuni ya Nintendo; emuleta hiyo ilitoka mwaka 2018. Tarehe 26 Februari 2024 Nintendo iliishtaki kampuni iliyokuwa nyuma yake, Tropic Haze, katika mahakama ya Rhode Island, Marekani. Kufikia tarehe 4 Machi pande mbili zilikuwa zimekubaliana: Tropic Haze ilipe dola milioni 2.4, iache kazi hiyo, na isalimishe anwani ya tovuti yake. Siku hiyo hiyo ikazimwa na Citra, emuleta ya konsoli nyingine ya Nintendo, 3DS, iliyokuwa na watengenezaji wale wale. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo emuleta nyingine ya Switch, Ryujinx, ilifungwa baada ya Nintendo kuzungumza na kiongozi wake nchini Brazil. Hiyo haikufika hata mahakamani.

Msimbo wenyewe haukupotea. Programu nyingi za aina hii hutunzwa kwa Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, na Git ina tabia moja kubwa: anayenakili mradi kwa kawaida hapewi toleo la leo peke yake, hupewa historia yote, kila badiliko tangu siku ya kwanza. Mtu aliyeinakili Yuzu kwenye laptopu yake mwezi mmoja kabla ya kesi alikuwa na kila kitu kilichoandikwa hadi siku ile. Kwa hiyo majina mapya yalianza kutokea ndani ya siku chache: Suyu, Sudachi, na mengine baadaye.

Lakini hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna kubonyeza kitufe cha kufoki ndani ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, na kuna kuwa na nakala yako mwenyewe. Foki ya kitufe hubaki imeunganishwa na mradi ilikotoka, kama machipukizi yaliyo bado kwenye shina moja. Mwaka 2024 Nintendo ilipeleka notisi ya hakimiliki, na GitHub ikaondoa hifadhi 8,535, yaani nakala za mradi zilizowekwa humo, zilizotokana na Yuzu. Notisi moja tu. Aliyekuwa na nakala kwenye diski yake hakuguswa. Ndiyo maana nasema foki hasa ni ile uliyoing'oa ukaipanda kwingine, ukaimwagilia maji mwenyewe.

Sasa suala la sheria, na hapa nataka msomaji awe makini, maana uvumi ni mwingi. Kutengeneza emuleta si kosa kwa kuwa tu ni emuleta. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, na Connectix, iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, ilishinda hoja ya kwamba kunakili kwa ajili ya kuuchunguza mtambo kulikuwa matumizi halali. Kesi ya Yuzu ilijengwa juu ya jambo jingine: kufuli. Gemu za Switch zimefichwa kwa usimbaji, na haziwezi kuchezwa bila funguo, yaani namba za siri za kuzifungulia. Yuzu haikutolewa na funguo hizo, ila ilizitumia kufungua gemu, na watengenezaji wake walielekeza watu jinsi ya kuzipata. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kinga za namna hiyo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hapa Kenya nayo ina katazo kama hilo.

Ndipo tunafika kwenye kiini. Leseni huria ni ruhusa ya walioandika emuleta, juu ya kazi yao wao. Hawawezi kukupa ruhusa ya kuvunja kufuli la mtu mwingine, kwa sababu si lao. Mkulima anajua kwamba chipukizi lililotolewa kwenye mgomba mgonjwa huja na ugonjwa wake. Foki iliyobadilisha jina na nembo tu, msimbo wa kufungulia kufuli ukiwa bado ndani, imerithi kesi nzima.

Azahar, iliyotoka mwaka 2025 kuifufua Citra, ilifanya vingine, na mimi naiheshimu kwa hilo. Foki mbili za Citra zilizokuwa zikienda kila moja njia yake ziliunganishwa, na uwezo wa kufungua gemu zilizosimbwa ukaondolewa. Watumiaji walilalamika, maana usumbufu ni wa kweli. Lakini sehemu iliyokatwa ndiyo hasa iliyokuwa na hatari.

Leseni zenyewe pia hazilingani. Ryujinx ilitumia leseni iitwayo MIT, inayomruhusu mtu kufoki kisha akaufunga msimbo wake, almuradi ayabakize majina ya waandishi wa awali. Yuzu ilitumia leseni iitwayo GPL: ukiigawa foki yako kwa watu, lazima uwape na msimbo wake, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya.

Kigezo hicho ndicho nilichokitumia kijana aliporudi jioni. Tukaitafuta ile programu yake pamoja. Ilijitangaza kuwa ni Yuzu mpya, ila hakukuwa na ukurasa wa msimbo popote, leseni haikutajwa, na kwenye orodha ya ruhusa ilizoomba kulikuwa na kusoma SMS. Emuleta haina kazi na SMS. "Ami, na M-Pesa yangu iko humu humu," akasema. Tukaitoa pale pale kaunta, kisha akabadilisha PIN.