"Kanyaga mafuta gari lielee": uongo unaomaliza shokapu za watu

Juzi Corolla nyingine imeingia gereji hapa Itigi, Singida, ikivutwa na lori. Shokapu za nyuma zote mbili zimemwaga mafuta, kishikio cha betri kimekatika, nati mbili za tairi hazipo. Nikamuuliza mwenyewe alikuwa anakuja mwendo gani kutoka Rungwa. Jibu likawa lilelile ninalopewa kila kiangazi: "Fundi, pale kwenye mikunjo ya barabara ya vumbi, ile kama bati, ukienda taratibu unaua gari. Lazima ufike 90, linaelea juu juu."

Jamani, hapana. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, sasa naliandika.

Ni kweli kwamba ukifika 80 au 90 kiti kinatulia. Tairi haliingii tena kwenye kila bonde. Linaruka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Lakini tairi linaloruka halijashika ardhi, na tairi lisiloshika ardhi halina breki wala usukani. Atokee mbuzi, au kona kidogo tu, nyuma ya gari inataka kutangulia mbele. Magari mengi niliyoitwa kuyainua kwenye njia hii yalilala kwenye kona pana, mchana kweupe, barabara kavu kabisa.

Na shokapu hazijapumzika eti kwa sababu wewe husikii. Kazi ya shokapu ni kuumeza mtikisiko na kuugeuza joto. Kwa mwendo ule inapigwa mara nyingi mno kila sekunde, mafuta ndani yanachemka na kutoa povu, sili (raba inayozuia mafuta yasitoke) inaachia. Gari dogo la mjini limepewa shokapu za lami, halafu umelipakia watu watano na magunia mawili ya mchele. Unategemea nini?

Tena mikunjo yenyewe inaletwa na mwendo huohuo. Wanafizikia wamelijaribu hili: gurudumu likizungushwa juu ya mchanga mkavu, hata lile gumu lisilo na springi, mikunjo inajitengeneza mara mwendo unapovuka kiwango fulani. Chini ya hapo mchanga unabaki sawa. Greda likishapita, wanaoiharibu barabara ni hao wanaotaka kuelea.

Nenda 30, hata 20 pale palipochakaa sana. Tafuta ukingo usiopitwa na wengi, ila uangalie mchanga uliolegea. Kila baada ya saa moja simama, sogeza mkono karibu na shokapu: kama joto linakufukuza, zima gari lipumzike robo saa, kisha kagua nati za tairi. Najua mbung'o wa Rungwa hawamwachi mtu asimame kwa raha. Vaa mikono mirefu, simama hivyo hivyo.

Mengine nayasema kwa kifupi.

Kujaza upepo mwingi ili usipate pancha ni kinyume kabisa. Tairi gumu linaligonga jiwe na kuchanika. Lililolegea kidogo linajikunja juu yake. Kama kawaida yako ni psi 32, shuka hadi 26 asubuhi tairi likiwa baridi, na mwendo ushuke nao. Usishuke sana kwenye tairi jembamba, utapinda ringi. Ukirudi kwenye lami, jaza.

Eti bila Landcruiser hupiti. Kiangazi Probox zinapita kila siku. Kinacholizuia gari dogo ni sampo (bakuli la oili chini ya injini) iliyo karibu na ardhi, kwa hiyo punguza mzigo na usiingize tairi kwenye mifereji iliyochimbwa na malori. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga, hata hiyo Landcruiser inalala hapo. Ngojeni ukauke.

Halafu korongo likijaa maji: "Lori limepita, na mimi napita." Lori lina tani zake. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 30 yanaweza kulinyanyua gari dogo, na injini ikimeza maji konrodi (chuma kinachoshika pistoni) inapinda. Makorongo mengi ya huku hupungua baada ya saa chache mvua ikikatika kule mto unakotokea. Shuka, kaa pembeni.

La mwisho ndilo linaloniogopesha. Gari limekufa, simu haina mtandao, mtu anaamua kutembea kutafuta msaada. Ndani ya pori la akiba la Rungwa kuna simba na tembo, na jua halina huruma. Gari linaonekana kwa mbali, mtu haonekani. Kaa kivulini karibu nalo, fungua boneti, ngoja lori. Maji yawe lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya siku mbili, na jina la unakokwenda umwachie mtu kabla hujaondoka. Wengine huniachia mimi. Nina daftari pale mezani, naandika namba ya gari na saa ya kuondoka, na jioni napiga simu.