"Popote" Si Jibu

Kila mwaka madaktari wa Uganda wanaoomba masomo ya ubingwa hufundishana jibu moja la swali la jopo la usaili, "uko tayari kuhama?": "Niko tayari kwenda popote nitakapopelekwa." Hulitoa kifua mbele, kama askari anayekula kiapo. Jamani, inatosha. Jibu hilo halikupi alama hata moja. Mwanajopo ameshika kalamu, anasubiri cha kuandika, na wewe hujampa kitu.

Nashuku limeokotwa kwenye video za Marekani. Kule mwombaji na programu kila mmoja hupanga orodha yake, mfumo wa kitaifa wa kuwapanga madaktari, NRMP, huzilinganisha, na matokeo huzifunga pande zote mbili. Hapa Uganda hakuna mfumo wa namna hiyo. Makerere wanachagua wao, Mbarara wao, Gulu wao, na hospitali zinazofundisha wapasuaji chini ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, zina utaratibu wao. Hayo tuyaache.

Kabla ya kujibu, jua unaulizwa kuhama kupi. Kuna kuhamia mji wa chuo kwa miaka mitatu ya MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari. Kuna kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa kwa majuma kadhaa ya mzunguko, kisha ukarudi. Na kuna kupangiwa kazi baada ya kuhitimu. Hili la mwisho jopo la chuo halina mamlaka nalo: ajira za hospitali za rufaa ziko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Afya, na za wilaya ziko kwa tume za wilaya. Ukiahidi kuitumikia Moroto, kule kaskazini-mashariki, maisha yako yote, unawaahidi watu wasioweza kukupeleka huko. Tena kama ndoto yako ni upasuaji wa moyo, mashine za kazi hiyo ziko kwenye Taasisi ya Moyo pale Mulago, Kampala. Moroto utampasua nani, na kwa vifaa gani? Uliza tu: "Daktari, tunazungumzia kipindi cha mafunzo au baada yake?" Swali hilo linaonyesha umefikiri.

Kosa jingine la haraka: uliyeajiriwa na wilaya una barua ya ruhusa ya masomo kwenye faili, na barua inasema utarudi kituoni kwako. Barua iko mezani, tumeisoma. Halafu unatuambia "popote"?

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa, nalo ni lokamu, zile zamu za kulipwa za kumshikia daktari mwingine. SHO wengi, yaani madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa, hawana mshahara wa kutegemea, na wanaojilipia ada huishi kwa zamu za usiku na wikendi kwenye kliniki za binafsi. Kliniki hizo zimejaa Kampala na Wakiso. Anayehamia Gulu au Kabale anahama nyumba, na pia anaacha nyuma kipato kilichokuwa kimlipie ada. Jopo linalijua hilo, mwombaji analijua, na bado wote tunakaa pale tukijifanya tunajadili uzalendo! Mara nyingi "uko tayari kuhama?" maana yake ni "muhula wa pili utakula nini, na saa mbili asubuhi utakuwa wodini au utakuwa unasinzia kwenye teksi ukitoka zamu ya mtu mwingine?" Mwombaji anayesema, "Ada ya mwaka wa kwanza ninayo, nimeshaulizia zamu mbili za wikendi kwa mwezi kwenye hospitali ya misheni ya mji huo, mwaka wa pili mume wangu atachangia," amejibu swali lililoulizwa na lile lililofichwa chini yake. Kutaja fedha si kujishusha. Jopo linamwogopa SHO anayetoweka katikati ya mwaka wa pili, kwa sababu kama idara ina wanne, zamu zake zote zinawaangukia watatu waliobaki.

Familia nayo ina kalenda yake. Chuo hufungua Agosti, muhula wa tatu wa shule huanza Septemba. Mtoto wa darasa la saba ameshasajiliwa PLE, mtihani wa kumaliza msingi, kwenye shule aliyopo, na mtihani ni Novemba. Huwezi kumbeba mwezi wa tisa kama godoro. Basi sema: "Mimi nitatangulia Agosti, watoto watafuata baada ya mtihani wa Novemba." Sentensi moja yenye miezi miwili ndani yake ina uzito kuliko dakika tano za kujitolea.

Wapo pia wanaosema "kule ni nyumbani" na kudhani wamemaliza. Nyumbani kuna mashamba yenye kesi, misiba ya kila Jumamosi, na binamu wanaotaka kuonwa bila kupanga foleni. Mtu wa kwao wakati mwingine huchoka mapema kuliko mgeni. Lugha ndiyo hoja yenye nguvu zaidi. Arua Kiswahili kitakuvusha na wagonjwa wengi huku ukijifunza Kilugbara, Masaka usikitegemee. Ukisema utajifunza lugha ya wagonjwa, taja lugha yenyewe.

Nawe uliza. Idara ina mabingwa wangapi? Akienda likizo mmoja, nani atasaini kitabu changu cha kumbukumbu za upasuaji? Hospitali ina nyumba, au nitapanga mjini na kulipa miezi mitatu mbele? Hospitali ya mbali inaweza kukupa upasuaji mwingi wa uzazi, lakini wingi wa kesi bila msimamizi ni kazi tu, si mafunzo. Ukilieleza hilo kwa heshima, hakuna atakayekuona mjeuri.

Nikiri jambo: swali lenyewe nina shaka nalo. Linapima ufasaha kuliko uvumilivu. Wapo wanaolijibu kama mawakili kisha wakaondoka, na wapo wanaobabaika mbele ya jopo kisha wakakaa miaka kumi. Bado naliuliza, kwa kuwa sijapata lililo bora. Ila lile la "mumeo atakuruhusu?", ambalo wanaume hawaulizwi, lingefaa kufa leo. Ukikutana nalo, jibu kuhusu mpango wako, usijibu kuhusu ndoa yako.

Na kama kuna pasipowezekana, sema palepale. "Mama anasafishwa damu hospitali ya Kiruddu, Kampala, mara mbili kwa wiki. Mzunguko wa miezi mitatu nje ya Kampala nitaumudu. Kuhama miaka mitatu, hapana." Jopo likikunyima nafasi kwa hilo, limekuokolea ada ya muhula ambao usingeumaliza.