Hawakumwajiri Gordon Smith kwa ajili ya simu

Nimeulizwa tena kwa nini chama cha wafanyabiashara humwajiri mwanasiasa aliyeondoka Bungeni: "Si wanamlipa tu awapigie simu wenzake wa zamani?" Mimi nafanya kazi sekretarieti ya chama cha wafanyabiashara, na swali hili limenichosha.

Haya, tumchukue Gordon Smith wa Oregon. Mwenye kiwanda cha mboga za kugandishwa, seneta wa jimbo, rais wa Seneti hiyo 1995, seneta wa Marekani kuanzia 1997, akaangushwa uchaguzi wa 2008. Novemba 2009 akashika NAB, chama cha wenye vituo vya redio na televisheni. Tusonge.

Tangu 2007 sheria inamkataza seneta aliyeondoka kulishawishi Bunge kwa niaba ya wengine kwa miaka 2. Smith aliondoka Januari 2009. Yaani kwa zaidi ya mwaka mzima akiwa NAB, simu hiyo mnayoisema ingekuwa jinai. Na bado walimtaka!

Ni kwa sababu ugomvi mkubwa wa chama huwa ndani. Karibu na mwaka 2000 mitandao ya televisheni ya Fox na NBC ilijitoa NAB, ikivutana na wenye vituo washirika, yaani vituo vya watu wengine vinavyorusha vipindi vya mitandao hiyo, kuhusu kikomo cha 35% ya kaya ambazo kampuni moja ingeruhusiwa kuzifikia. Wote wanalipa ada, kila mmoja anataka chama kiseme la kwake. Sasa Seneti ya Oregon ina watu 30 tu. Rais wake hugawa kamati, huhesabu kura moja moja, na hujua aliyenyimwa hiki atatulizwa na kipi. Ujuzi wenyewe ndio huo, jamani, wala haumo kwenye kitabu cha namba za simu.

Ukaja mnada wa masafa, yaani mawimbi ya hewani ambayo vituo vya televisheni hurushia matangazo, kwa sheria ya 2012. Wapo wanachama waliotaka kuuza, wapo waliotaka kubaki. Msimamo uliowabeba wote: kuuza kuwe hiari, na watakaohamishwa chaneli wafidiwe. Sheria ikatenga dola bilioni 1.75; 2018 Bunge likaongeza bilioni 1.

Ni kazi ya Smith hiyo? Hapa nasitasita. Redio za kawaida Marekani huwalipa watunzi wa nyimbo, si waimbaji wa rekodi. NAB inalilinda hilo kwa jino na ukucha, lakini lilikuwepo kabla yake na lipo baada ya yeye kuondoka mwisho wa 2021. Utampa sifa gani mtu kwa jambo ambalo halikutokea, yaani sheria hiyo kutobadilishwa? Tena sheria ile ya 2007 haikumzuia kuwaelekeza washawishi aliowaajiri. Na kuanzia Januari 2011 simu ilikuwa halali. Ningeshangaa kama hakuipiga.