Teknishani wa lishe: kazi yenyewe na njia ya kuingia

Kijana akiniuliza teknishani wa lishe hufanya nini, huanza na dafu. Mombasa mgonjwa haendewi mikono mitupu, na dafu ni zawadi ya heshima. Lakini lina potasiamu nyingi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu hawezi kuitoa vizuri, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Basi nakaa na jamaa zake: "Mamangu, hili msimpe," kisha naeleza mpaka waridhike. Ukikataza bila kueleza, kesho dafu litaingia limefichwa mkobani.

Kazi yetu ni kupima na kuuliza. "Unakula vizuri?" ni swali lisilo na faida. Uliza jana alikula mahamri mangapi, mbaazi kiasi gani, chai vikombe vingapi. Mwenye kisukari atakwambia ameacha sukari, na kweli chai yake haina, ila mahamri manne yalishuka nayo.

Wodi ya watoto ndiyo inayotaka umakini zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Akilazwa akiwa mahututi, huanzishiwa maziwa ya F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Mama hutaka mwanawe ale ashibe leo leo, na namwelewa. Lakini mwili uliodhoofika hivyo ukijazwa ghafla, moyo unaweza kushindwa. Hali ikitulia na hamu ya kula ikirudi, ndipo anahamishiwa maziwa ya F-100 au chakula cha tiba cha pakiti. Kiasi hukokotolewa kwa uzito wake, kwa hiyo mizani mbovu wodini ni hatari, nami siivumilii.

Kuingia je? Hapa Kenya kazi hii inasimamiwa na KNDI, yaani taasisi ya wataalamu wa lishe nchini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwa cheti unasajiliwa kama teknishani; diploma na digrii zina ngazi za juu zaidi. Biolojia na kemia usizichezee ukiwa sekondari. Kabla ya kulipa karo, hakikisha KNDI imeidhinisha chuo na kozi yenyewe, maana bila usajili huruhusiwi kufanya kazi.

Ukienda mafunzo ya vitendo, omba upangiwe jikoni pia, si wodini tu. Simama pale sahani zinapopakuliwa, uone kama agizo la "bila chumvi" uliloandika asubuhi limemfikia mgonjwa wa presha.