Je, wajua kwa nini wakili anahitajika siku ya kukamatwa, kabla ya siku ya kesi?

Wengi wetu Kampala tunaamini kwamba wakili ni mtu wa mahakamani. Ndugu akikamatwa, familia inasubiri. Kesi ikianza kusikilizwa ndipo watu wanachanga pesa. Mimi pia niliamini hivyo. Mpwa wangu alipokamatwa Kisenyi kwa tuhuma za kuiba pikipiki, ni mimi niliyewaambia wenzangu tusubiri. Nikaongeza kwamba kumkimbilia wakili mapema kutawafanya polisi wamwone ana hatia. Nilikosea yote mawili.

Nianze na la pili, kwa sababu bado nalisikia kila mara. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka anayekamatwa aambiwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili amtakaye. Yaani anayeomba wakili kituoni anaomba kitu ambacho polisi wenyewe wanatakiwa kumtajia. Hatia inaingiaje hapo?

Kuna na dhana nyingine, nadhani tuliipata kwenye filamu za Marekani: kwamba usipokuwa na pesa, serikali itakuletea wakili. Kwetu, ibara ya 28 inaibebesha serikali gharama hiyo kwa makosa yenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Kesi ya kuiba pikipiki haimo. Hata mshtakiwa wa mauaji, kwa kawaida wakili wa serikali humpata kesi ikishafika Mahakama Kuu, naye ameshakaa rumande miezi mingi.

Lakini kiini cha jambo ni karatasi moja: maelezo ya polisi. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi akiona chungu kimepinda kingali kibichi, anakinyoosha kwa kidole. Kikishatoka motoni, atakivunja au atakipokea kilivyo. Maelezo unayoyatoa kituoni ni udongo ule, na saini yako ndiyo moto.

Mpwa wangu alimwambia askari kwa Kiswahili, "Niliichukua pikipiki kwa rafiki yangu." Sisi tunaelewa: huenda aliazima, huenda alikodi, huenda alitumwa akailete. Askari aliandika kwa Kiingereza kwamba kijana alitwaa pikipiki ya fulani, basi. Sasa tazama: katika sheria ya jinai ya Uganda, wizi ni kuchukua kitu kwa udanganyifu na bila dai la haki. Ruhusa ya rafiki ndiyo iliyokuwa dai lake la haki, nayo ilibaki nje ya karatasi. Akasaini, kwa kuwa alikuwa na njaa na alitaka kurudi nyumbani. Mahakamani aliposema aliazimwa, mwendesha mashtaka aliinua karatasi ileile na kumuuliza kwa nini siku ile hakusema hivyo.

Wakili angefanya mambo yanayoonekana madogo. Angemkumbusha kwamba halazimishwi kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Angedai maneno yaandikwe kwanza kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, kisha ndipo ifuate tafsiri ya Kiingereza, utaratibu ambao majaji wetu wameusisitiza. Kama kijana angekuwa amekiri, wakili angeuliza ni nani aliyeandika, kwa sababu ungamo lililotolewa mbele ya askari wa cheo cha chini ya mkaguzi msaidizi halikubaliki, isipokuwa hakimu awepo.

Angehesabu pia saa. Mtuhumiwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48, na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Kwa dhamana ya mahakama, angewaambia ndugu mapema waandae wadhamini wenye kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Sisi tulikwenda mikono mitupu, tukarudishwa.

Sisemi wakili anafuta ushahidi mzito. Wala kulinganisha waliokuwa na wakili na wasiokuwa naye si kipimo safi, maana mwenye pesa za wakili mara nyingi ana na wadhamini, na watu wa kumfuatilia. Lakini karatasi ile haikuhitaji pesa wala wadhamini. Ilihitaji mtu mmoja wa kuisoma kabla ya saini. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria kwa Chama cha Mawakili Uganda, au kwenye kliniki ya sheria ya Law Development Centre, chuo cha kufundishia mawakili, wanaopokea baadhi ya kesi za wasiojiweza.

Wakili tuliyempata mwishoni hakuuliza habari za pikipiki kwanza. Aliomba aonyeshwe maelezo ya Kiswahili. Hayakuwahi kuandikwa.