Magari ya spoti ya Marekani: tuanzie kwenye kalibu

Kazi yangu ni kalibu, yaani vyuma vizito vinavyolipa bati umbo la sehemu ya gari. Kwa miaka mingi nimesimama pembeni ya presi zinazogeuza bati kuwa milango na boneti, na kila nikiulizwa kama kampuni za Marekani zinaweza kuunda na kuuza magari mengi zaidi ya spoti, huwa naanzia hapo kabla sijagusa habari za injini.

Chukua boneti moja tu. Bati huingia likiwa bapa, chuma cha juu kinashuka kukutana na cha chini, na vyuma hivyo viwili vina uzito wa tani kadhaa. Presi ya kwanza inalipa bati umbo, inayofuata inakata pembezoni, nyingine inatoboa matundu, nyingine inakunja kingo. Kila hatua ina kalibu yake. Gharama ya kuzichonga haipungui eti kwa sababu unataka boneti elfu kumi badala ya milioni. Pikapu za Ford F-Series ziliuzwa zaidi ya 700,000 nchini Marekani mwaka 2023, kwa hiyo kalibu zake hurudisha fedha mapema. Mustang, gari la spoti la Ford hao hao, mwaka huohuo haikufika 50,000 huko, wakati mwaka 2015 ilikuwa imevuka 120,000.

Wakongwe walilielewa tatizo hili. Corvette, gari la spoti la Chevrolet, za mwaka wa kwanza, 1953, zilikuwa 300 tu, zikaundwa Flint, Michigan, kwa bodi ya faibaglasi, ambayo kalibu zake ni nafuu kuliko za kukandia chuma. Mustang ya 1964 ilipita njia nyingine: iliazima sehemu nyingi zisizoonekana kwa nje kutoka Falcon, gari la kawaida la familia la Ford. Modeli ya 1966 peke yake ilizidi magari 600,000.

Gari linaloniuma hadi leo ni Pontiac Solstice, gari dogo la spoti la viti viwili, lililoanza kuundwa mwaka 2005 Wilmington, Delaware. Mabati yake ya nje yaliumbwa kwa maji: badala ya vyuma viwili kubana bati, shinikizo kubwa la maji lililisukuma dhidi ya kalibu ya upande mmoja. Nusu nzima ya kalibu inaondoka, na bati linakubali mikunjo mirefu ambayo kwa presi ya kawaida lingechanika. Itazame boneti yake kwa ubavu, jua likiwa chini, utaelewa ninachosema. Giaboksi nayo ilitoka kwenye pikapu ya Chevrolet Colorado. Hivyo ndivyo gari la watu wachache linavyoundwa bila kufilisi kiwanda.

Zilitoka Solstice zaidi ya 60,000. Mwaka 2009 General Motors (GM), wenye Pontiac, ikaingia kwenye ufilisi, jina la Pontiac likazikwa na kiwanda cha Wilmington kikafungwa. Mauzo yalikuwa yameshuka, sikatai. Gari la spoti huwa hivyo: wenye hamu nalo hununua miaka miwili ya mwanzo, kisha foleni inakwisha. Dawa yake ni kuliboresha bila kuchoka na kuwatafuta wanunuzi nje ya nchi. Mazda wa Japani walifanya hivyo na MX-5, gari lao dogo la spoti, tangu 1989, na mwaka 2016 wakaunda ya milioni moja.

Kwa hiyo kampuni za Marekani kuunda zinaweza, na mbinu wanazo. Walipolegea ni kwenye soko la nje. Mustang ilisubiri hadi kizazi cha modeli ya 2015 ndipo ikatoka kiwandani na usukani wa kulia, na Corvette ikasubiri kizazi cha nane, cha modeli ya 2020. Kabla ya hapo mnunuzi wa Uingereza au Australia, au sisi tunaopita kushoto huku Afrika Mashariki, alikubali usukani wa upande usiofaa au akalipia gereji ikahamishe.

Na kuhamisha si kazi ya spana tu. Kati ya injini na miguu ya dereva kuna ukuta wa bati, na mhimili wa usukani hupenya kwenye tundu lake. Tundu la pili, la usukani wa upande mwingine, huamuliwa siku kalibu ya ukuta ule inapochorwa. Ningepewa mradi wa gari dogo la viti viwili Detroit, lenye giaboksi ya pikapu na mabati ya kuumbwa kwa maji, mchoro wa kwanza ningeuanzia kwenye ukuta huo, matundu yote mawili yakiwemo.